Jezi ya mtumba yenye C na H: timu gani hii, na kipa wao wa zamani ni nani?

BabaKipa_Mburahati:
Wakuu, habari za jioni. Jumamosi nilishuka Karume kumtafutia jezi kijana wangu, anadaka timu ya mtaa hapa Mburahati. Nikakuta nyekundu, nzito, mikono mirefu, kifuani C kubwa imeimeza H ndogo. Muuzaji akasema ya mpira, lakini mbona pana namna ile, kama ya kuvaliwa juu ya koti? Dogo kaipenda, haivui. Mwenye kujua anisaidie: timu gani hii, na wamewahi kuwa na kipa wa maana nimsimulie?

Mchikichini2:
Montreal Canadiens mkuu, hoki ya kwenye barafu, Kanada. Upana ni kwa sababu ndani wanavaa kinga za mabega na viwiko.

KipaMstaafu_Temeke:
Kaka, wa kumsimulia yupo: Georges Vézina. Alizaliwa 1887 Chicoutimi, mji mdogo wa jimbo la Quebec, Kanada. Utotoni alidaka na viatu vya kawaida tu; vile vyenye chuma cha kutelezea alivizoea akiwa kijana mkubwa. Februari 1910 Canadiens walikwenda kwao kucheza mechi ya kirafiki, yeye akiwa golini kwa wenyeji, wakaondoka bila goli hata moja. Desemba mwaka huohuo akawa kipa wao.

Mweleze dogo kwamba zama hizo makipa walidaka uso wazi. Na kinachopigwa si mpira, ni kisahani kigumu cha raba. Tena mpaka Januari 1918 kipa hakuruhusiwa kujiangusha kuokoa, ukilala, unaadhibiwa. Kwa hiyo Vézina alidaka wima, kwa fimbo na miguu, ametulia tuli, mpaka wakambandika jina la tango la Chicoutimi kwa ule ubaridi wake, maana Waingereza mtu mtulivu humfananisha na tango. Mechi 328 za ligi mfululizo na 39 za mtoano, hakukosa hata moja. Kombe la Stanley, taji kubwa la hoki huko kwao, alilibeba mara mbili, 1916 na 1924.

Tarehe 28 Novemba 1925, dhidi ya Pittsburgh, aliingia na homa kali. Kipindi cha kwanza hakufungwa. Mapumziko akatapika damu, akarudi golini, akaanguka. Kifua kikuu. Alifariki 27 Machi 1926 hukohuko Chicoutimi, umri miaka 39.

Mimi mwaka 2009 nilidaka mechi tatu za ndondo nikiwa na TB bila kujua. Nilikuwa nakohoa ndani ya glavu kocha asisikie, maana kipa wa akiba alikuwa anaisubiri nafasi yangu. Siku moja nimevaa glavu nyeupe, natazama kiganja cha kushoto, naona doa jekundu. Nikalifuta kwenye nyasi, nikaendelea kudaka. Mama ndiye aliyeiona ile glavu kwenye ndoo ya kufulia. Akanikokota zahanati, wakachukua makohozi, nikaanzishiwa dozi ya miezi sita, bure. Vézina hakuwa na dozi. Streptomaisini yenyewe, dawa ya kwanza ya kutibu TB, iligunduliwa 1943. Namlilia kama niliwahi kucheza naye.

mama_wa_wawili:
Pole sana kaka, na Mungu ni mwema. Mbona nilisikia huyo alikuwa na watoto 22?

KipaMstaafu_Temeke:
Asante dada. Hiyo ni chumvi ya meneja wake, ikasambaa. Waliokua ni wawili, wa kiume wote. Wa pili alizaliwa usiku uleule wa Machi 1916 Canadiens walipotwaa Kombe la Stanley kwa mara ya kwanza, akapewa jina Marcel Stanley. Na Chicoutimi alikuwa na kiwanda chake cha kutengeneza ngozi.

BabaKipa_Mburahati:
Nashukuru mno kaka. Nimemsomea dogo yote, hata hiyo ya glavu. Kanyamaza kidogo, akazifuata za kwake, akanionyesha viganja vyote viwili. Kisha kavaa jezi, kaenda mazoezini.