Naomba ushauri: nguo za baridi na glavu za kupandia Mlima Kilimanjaro

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni mkaazi wa Unguja, na inshallah mwezi wa nane nitapanda Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Marangu pamoja na mdogo wangu wa kike. Sisi tuliozoea kipupwe cha pwani, ambacho shuka moja hutosha kukikabili, hatuna uzoefu wa baridi ya kileleni, kwenye mita 5,895, ambako usiku joto hushuka chini ya sifuri na upepo huizidisha hiyo baridi.

Naelewa kwamba nguo huvaliwa kwa tabaka: ya ndani ya kuondoa jasho mwilini, ya kati ya kuhifadhi joto, na ya nje ya kuzuia upepo na mvua; na kwamba fulana ya pamba haifai, kwani ikilowa hukawia kukauka. Katika mitumba ya Darajani nimepata sweta zuri la sufu na koti zito, lakini nilipolimwagia koti maji kidogo, kitambaa kiliyanywa papo hapo. Je, nilichukue hilo hilo, au nikodi jingine Moshi?

Linalonitia wasiwasi zaidi ni mikono, maana vidole vya mdogo wangu hufa ganzi hata akishika barafu ya friji. Je, glavu nyembamba zikivaliwa ndani ya zile nene zisizotenganisha vidole zitatosha kwa mwendo wa usiku kutoka kambi ya Kibo kwenda kileleni, na mtu hufungaje zipu bila ya kuzivua zote mbili? Waliokwisha kupanda, hasa kina dada wanaovaa mtandio, naomba watueleze walijifunika vipi kichwa na masikio.