Modeli ya foleni ya boti Mkoani: p kubwa inatosha kuithibitisha?

Muulizaji: Asalaam alaykum. Nina modeli ya kuiga foleni ya ukaguzi wa tiketi bandarini Mkoani, Pemba. Nimelinganisha muda wa kusubiri: siku 12 za kupima gatini na mizunguko 30 ya kompyuta. Wastani wa modeli uko chini kidogo, ila kipimo cha t (cha kulinganisha wastani mbili) kimetoa p zaidi ya 0.05 (p ni uwezekano wa kupata tofauti kubwa kama hii au zaidi kwa bahati tu, kama kweli hakuna tofauti). Niandike kuwa modeli imethibitika?

Jibu 1: Waalaykumu salaam. Usiandike hivyo ndugu yangu. P kubwa maana yake hukuiona tofauti, si kwamba haipo. Amua kwanza kosa la dakika ngapi linavumilika, tuseme 3. Kisha tafuta upeo wa uhakika wa 90% wa tofauti, yaani kutoka namba gani hadi namba gani tofauti halisi inakadiriwa kuwemo. Wote ukae kati ya -3 na +3.

Chukua mfano: gatini wastani dakika 21.4, mkengeuko sanifu (kiasi vipimo vinavyotawanyika kutoka wastani) 4.8, siku 12, modeli 18.9, mkengeuko 3.6, mizunguko 30. Tofauti ni 2.5. Kosa sanifu (kiasi tofauti hiyo inavyoweza kuyumba kwa bahati) ni kipeuo cha pili cha 4.8²/12 + 3.6²/30, yaani cha 1.92 + 0.43: unapata 1.53. Kwa njia ya Welch (isiyodai mitawanyiko miwili ilingane) digrii za uhuru, namba ya kusomea jedwali la t, ni 16, t ni 1.746, upeo ni 2.5 kutoa na kujumlisha 1.746 × 1.53, yaani -0.2 hadi 5.2. P hapo ni kama 0.12, lakini 5.2 imeshavuka 3! Na tazama ile 1.92, yote ni ya gatini. Hata ukizungusha kompyuta mara 3,000 hupati nafuu kubwa. Ongeza siku.

Jibu 2: Naongezea. Hesabu siku, usihesabu abiria. Walio mstari mmoja wanarithishana kuchelewa, kwa hiyo abiria 400 si vipimo 400 huru. Na siku ulizokadiria kasi ya ukaguzi usizirudie kwenye kuthibitisha.

Hiyo "chini kidogo" ndiyo inayonishughulisha. Abiria umewaingiza mmoja mmoja?

Muulizaji: Ndiyo, mmoja mmoja, kwa mgawanyo wa eksponensha (kila mmoja anafika kwa bahati, bila kutegemea mwengine).

Jibu 2: Basi anzia hapo. Gari ya Chake Chake ikifika inashusha watu kumi na tano kwa mpigo, na mabegi na vikapu vyao. Mstari unafura, kisha kimya mpaka gari nyengine. Wastani wa wanaofika kwa saa ni ule ule, lakini kusubiri kunazidi. Ipe modeli saa halisi za kufika, siku kwa siku, ulinganishe jozi 12, kila siku ya gatini na siku yake ya modeli (za kuelekea Idi ziweke mbali). Tofauti ikiondoka, kosa lilikuwa kwenye ufikaji. Ikibaki, kapime upya muda wa kukagua tiketi moja.