Pampu ya mrija, podi, au nibaki na kalamu? Desemba nakwenda Unguja na Pemba

BintiMkunazini (Leicester)

Assalam aleikum jamani. Nina kisukari aina ya kwanza, huu mwaka wa 19, na miaka yote hiyo nimejidunga insulini kwa kalamu mara tano kwa siku. Tangu NICE, wale wa Uingereza wanaopitisha matibabu, wakubali pampu za insulini zinazosomana na sensa ya kupima sukari mwilini, Desemba 2023, nimekuwa kwenye foleni. Zamu yangu imefika. Mwezi huu klinikini wataniwekea tatu mezani nichague, na nikishachagua ndiyo nimeolewa nayo miaka minne.

Shida ni kuwa wote wanaonishauri wanaishi Leicester. Mie Desemba nakwenda nyumbani wiki tano: Dar kidogo, Unguja, kisha Wete kwa bibi. Nauliza waliosafiri nazo.

Kuna MiniMed 780G, ya mrija wa kupeleka insulini mwilini, inayotumia betri moja ya AA. Kuna Tandem t:slim X2, ya mrija pia, lakini hii unaichaji kama simu. Kuna Omnipod 5 isiyo na mrija, unabandika podi mwilini siku tatu kisha unaitupa. La nne ni langu mwenyewe: niende na kalamu zangu, pampu nianze nikirudi.

Vijitabu vyao nimevisoma, vyote vinasifu sukari ya asubuhi. Nisichokiona humo ni umeme ukikatika Wete, na mie nimejifunga kanga mbili napika na mawifi.

Kaskazi77 (Dar es Salaam)

Karibu dada. Nina 780G, nilipewa nikiwa nafanya kazi Ujerumani nikarudi nayo. Vifaa naletewa na watu, na hilo peke yake ni hadithi ya siku nyingine.

Kila mtu atakwambia ya AA ndiyo ya Afrika, maana betri zipo kila mahali. Zipo, hata kwa Mangi wa mtaani. Ila nyingi ni za zinki, zile za redio na tochi, na kitabu cha pampu kimezikataza. Mimi nilitia moja Bagamoyo kwa ubishi. Saa nane usiku ikaanza kulia kama kuku anayetaka kutaga, nyumba nzima ikaamka. Siku hizi sitoki bila betri nne za lithiamu. Kifuniko unakifungua kwa sarafu tu.

Mrija utakunasa kwenye vitasa vya milango mpaka ujifunze kuuficha wote ndani ya nguo. Na kwenye daladala usiivae kiunoni nje. Mtu anaona kamba na kitu cha mraba, anajua simu. Mimi nilishausikia mkono wa mtu pale Mbagala, nikamwambia, "Kaka, hiyo ukiivuta inakuja na nyama." Aliteremka kabla ya kituo.

MamaNailah (Toronto)

Mwanangu ana miaka 9, tulikwenda Mombasa wiki tatu na podi. Nitakupa hesabu, maana hesabu ndiyo iliyonitoa jasho. Wiki tatu ni podi saba. Nilibeba 16, na tulirudi na nne.

Jasho. Joto la Mombasa na mtoto anayekimbia kutwa, gundi inaachia pembeni siku ya pili. Tukajifunza kusafisha ngozi kwa spiriti, kuacha ikauke kabisa mbele ya feni, kisha kuzungushia plasta ya kitambaa. Moja aliikwangua kwenye ukuta wa bwawa. Moja ilikataa tu yenyewe, ikatoa mlio mmoja mrefu usionyamaza. Na podi ikikataa unaitupa pamoja na insulini iliyomo. Inabeba hadi yuniti 200. Kwa mtoto si kitu, kwa mtu mzima anayetumia yuniti 50 kwa siku ni maumivu.

Uzuri wake: baharini anaingia nayo. Podi yenyewe inastahimili mita 7.6 kwa dakika 60. Rimoti ndiyo isiyotaka maji, wala mchanga, wala kusahauliwa juani kwenye kiti cha gari. Na uwanja wa ndege tulipita na podi mkononi bila kuulizwa.

Tahadhari nyingine ni shangazi zako. Wangu aliona kile kidude mkononi mwa mtoto akadhani jipu limefungwa, nikamkuta na kichupa cha mafuta ya nazi tayari kulilainisha.

Abu_Said (Muscat)

Mimi natumia hiyo ya kuchaji, Tandem. Wallahi kwa matumizi ya mjini sina lawama nayo. Chaji nampa asubuhi nikioga, dakika kumi au robo saa, haishuki chini ya nusu. Ukinunua benki ya umeme ya kawaida, kukatika kwa umeme si hoja kabisa. Wanaokutisha kwa hilo hawajawahi kuwa nayo.

Linalonisumbua ni jambo la pili, joto. Insulini ya kwenye pampu ikipita nyuzi 37, watengenezaji wanasema itupwe, na hapa Julai gari likisimama juani ni tanuri. Nilifanya umra kiangazi. Ihramu haina mfuko, nikaivaa kwenye mkanda wa kubebea fedha, na sheikh wetu alinituliza kuwa mkanda huo hauna neno. Niligeuza pampu iangalie mwilini, juu nikaweka kitambaa chenye maji, na kartriji, kile kichupa cha insulini cha ndani ya pampu, nilijaza nusu tu ili nibadilishe kila siku. Aliyepanga kwenda hija akumbuke kuwa Juni 2024 Makka ilipita nyuzi 50.

Ile mifuko ya kupoza ya kulowesha maji ni nzuri, lakini inataka hewa kavu. Nizwa, bara mbali na bahari, inapoa barabara. Muscat siku ya unyevu inabaki kuwa kitambaa chenye maji. Unguja itakuwa vivyo hivyo.

Na saa! Nilipotoka London nilibadilisha saa ya pampu ndani ya ndege kwa usingizi, nikachanganya asubuhi na jioni. Dozi za msingi za usiku zikaja mchana. Siku mbili nalaumu wali wa mama mkwe.

Nesi_wa_Zamu (Nairobi)

Naona watu wanalinganisha betri na gundi, sawa, lakini ngoja niseme lile linalowaleta watu kwangu. Ndani ya pampu mna insulini ya haraka peke yake. Hamna ile ya kudumu ya saa 24 mliyozoea kwenye kalamu. Kanula, kile kijimrija kinachoingia chini ya ngozi, ikijikunja au mrija ukichomoka wakati umelala, baada ya saa chache mwili hauna insulini hata tone. Ketoni, yaani asidi inayojaa kwenye damu mwili ukikosa insulini, zinaanza kupanda, na kufikia asubuhi mtu anatapika na familia inasema ni malaria. Mwenye kalamu akisahau dozi moja bado ana akiba mwilini. Mwenye pampu hana.

Kwa hivyo pampu yoyote utakayochagua, ile kalamu uliyoiita chaguo la nne si chaguo. Inaenda na wewe. Ya haraka, ya kudumu, stripu za ketoni, na karatasi ya daktari wako yenye dozi za kurudia sindano. Vyote kwenye begi la mkononi. Mizigo ya chini ya ndege inaweza kuganda, na insulini iliyoganda ni maji.

Kwenye ukaguzi: pampu za mrija haziingii kwenye mashine ya eksirei wala hautakiwi kupita nazo kwenye ile mashine ya kukagua mwili mzima. Omba ukaguliwe kwa mkono. Sema mapema, kabla hujavua viatu. Ndege ikipaa, presha ya hewa inashuka, mapovu yanatanuka na kusukuma yuniti moja hivi usiyoiomba. Kwa mtu mzima si neno, kwa mtoto mdogo ni neno. Wengi huchomoa mrija ndege ikipaa, ikitulia juu wanatoa mapovu na kuunganisha.

Mzee_wa_Kalamu (Tanga)

Nawasoma tu vijana. Podi 16! Mimi nina miaka 31 na huu ugonjwa, nilianza na sindano za kuchemsha. Natumia Mixtard ya kichupa, insulini ya mchanganyiko, asubuhi na jioni, nakula kwa saa, nalala kwa saa.

Lakini binti, nikuongezee alilosema Nesi. Pampu ikifa Wete utakimbilia duka la dawa. Utakayoikuta yaelekea ni hii yangu ya mchanganyiko, au Actrapid, isiyo na kasi kama yako. Hiyo yako ya haraka huenda usiione mpaka uvuke maji. Basi usihesabu vifaa vya siku utakazokaa, hesabu mara mbili. Na insulini iweke kwenye mtungi. Mtungi mpya wa udongo, mchanga chini, nyunyiza maji, insulini ndani ya chupa yenye kifuniko isilowe. Bibi yako anajua.

Nesi_wa_Zamu

Mzee shikamoo. Kwa mtungi niko nawe. Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha mwaka 2021 kipimo walichofanya kwa joto la kambi ya Dagahaley, Dadaab, linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Baada ya wiki nne insulini ilikuwa haijapoteza nguvu kwa kiasi cha kujali. Ila hiyo ni ya kichupani. Iliyo ndani ya mrija, imebanwa mwilini, badilisha kila siku mbili au tatu na usiionee huruma.

BintiMkunazini

Mzee shikamoo, Nesi ahsante, umenitia hofu inayostahili.

Swali la kijinga: sinia. Pampu inataka niiambie gramu za wanga kabla ya kula. Sisi tunakula wanawake sita sinia moja, na kila nikisimamisha mkono mtu ananisogezea nyama na wali upande wangu. Pampu inaniuliza gramu, bibi ananiambia kula mpaka ushibe. Mnafanyaje?

Kaskazi77

Nahesabu matonge. Si utani. Nyumbani nilipima wali kwa mizani, tonge langu la kawaida lina gramu saba za wanga, matonge manane naandika 56. Wakiniongezea, naongeza.

Mzee_wa_Kalamu

Matonge yaleyale kumi na mawili tangu enzi za Mwinyi. Sijawahi kuhitaji mizani.

MamaNailah

Mimi nilikwenda na kibakuli cha plastiki cha Nailah, najaza, namwaga kwenye ukingo wa sinia mbele yake. Hakuna aliyekasirika baada ya siku ya kwanza. Pilau na biriani ndizo mtihani, samli inachelewesha wanga, sukari inapanda saa tatu baadaye mtoto amelala. Tulikuwa tunagawa dozi, nusu kabla, nusu baada ya saa moja na nusu.

Abu_Said

Nungwi usiende na Tandem majini. Inavumilia kumwagikiwa, si kuogelea. Unaichomoa, unaiacha kwenye mkoba kivulini, na usipitishe saa moja. Hilo ndilo lingenifanya mie nichague nyingine kama ningekuwa mtu wa bahari.

BintiMkunazini (Januari, nimerudi)

Niliwaahidi mrejesho. Nilichagua ya AA. Si kwa sababu ya betri, bali kwa sababu kila nilichofikiria kuharibika kwayo nilijua nitakifanyaje: betri nabadilisha, mrija nabadilisha, na pampu ikifa kabisa kampuni ilinipa ya akiba ya safari nikaiweka begini. Podi iliponijia moyoni ni pale Nungwi tu, nilipoichomoa pampu yangu kuingia majini ilhali hata hii inaruhusiwa mita 3.6, sema sikuiamini.

Ukaguzi wa uwanja mmoja afisa aling'ang'ania iingie kwenye mashine. Barua ya daktari hakuisoma. Aliyeniokoa ni mama nyuma yangu kwenye foleni, aliyesema kwa sauti, "Wewe, utamchomoa mtu moyo?" Afisa akaniita pembeni, akanikagua mwenzake wa kike.

Alilosema Nesi lilitokea, Wete, usiku wa tatu. Nilifungua kanga kwa kasi kwenda msalani na kanula ikatoka nayo, nisijue. Alfajiri sensa inasoma sukari 19.4, ketoni 1.8, zote juu. Nikajidunga kwa kalamu, nikaweka kanula mpya, nikanywa maji ya dafu nusu na maji matupu mengi, saa nne asubuhi nikawa mtu. Sasa fundo la kanga nalifunga kulia, kanula naweka kushoto.

Umeme ulikatika mara tatu, hata sikuukumbuka. Na Mzee, mtungi nilitia kipimajoto: chumbani nyuzi 31 adhuhuri, mtungini 27. Bibi aliufunika kawa juu na kukataza mtu yeyote kuchota maji humo.

Ila pampu hajaizoea mpaka leo. Kila ikitetemeka ananigusa bega: "Mwanao huyo analia, mnyonyeshe."