Mmiliki ameibadili klabu yetu mpaka rangi, na tawi limegawanyika. Wakuu, tufanyeje?

KatibuTawi

Wakuu, salaam. Naomba ushauri wenu kwa dhati, maana jambo hili linaninyima usingizi.

Mimi ni katibu wa tawi la mashabiki. Klabu siitaji, wenye kujua watajua. Tangu mmiliki mpya achukue hisa nyingi, mambo yanaamuliwa usiku, sisi tunayasikia asubuhi. Alianza kwa kumuuza nahodha saa chache kabla dirisha la usajili halijafungwa. Tukapewa mstari mmoja tu, kwamba klabu inamshukuru na kumtakia kila la heri. Mbadala hakuna. Viingilio vikapanda, na tiketi za msimu zikapanda zaidi. Kocha aliyekuwa akiwapa vijana nafasi akasema hadharani kuwa hakushirikishwa kwenye usajili, haikuchukua muda akaondolewa. Tumeomba kikao na uongozi mara kadhaa, jibu ni lile lile: ratiba imebana.

Hayo yote tuliyameza. Kilichotufikisha hapa ni jezi. Rangi iliyovaliwa tangu klabu inaanzishwa imefutwa, nembo imechorwa upya, sababu eti ni "soko". Kwenye kikao cha tawi kijana mmoja alikuja na jezi mpya ikiwa bado kwenye mfuko wake, ikawa inapita mkono kwa mkono. Ilipomfikia mzee wetu mmoja, ambaye alianza kwenda uwanjani kabla wengi wetu hatujazaliwa, aliigeuza, akaifuata nembo kwa kidole juu ya nailoni, akamrudishia kijana bila kuifungua. Hakusema neno. Kikao hakikutulia tena.

Sasa vijana wanataka tuingie uwanjani siku ya mechi ya watani, mpira usichezwe. Kundi la pili linataka tususie mechi zote mpaka auze timu. Wazee wanasema wachezaji wana kosa gani, tuendelee kushangilia. Mimi ndiye ninayetakiwa kuandika msimamo wa tawi. Nikiandika tususie, naogopa timu itashuka daraja na lawama iwe yetu. Nikiandika tuvumilie, mwakani tutaamka hata jina limebadilika. Mliowahi kuyafuatilia mambo haya kwingineko, nisaidieni.

Beki_Mkongwe

Pole sana, katibu. Nakushauri jambo moja kabla ya yote: gawa malalamiko yako mafungu mawili. Kuuza mchezaji, kufukuza kocha, hayo yanauma lakini ni mamlaka ya mwenye timu popote pale duniani. Tena ni hoja dhaifu. Akisajili mshambuliaji akafunga mabao matatu mechi ya kwanza, nusu ya tawi lako itasahau nahodha alikuwa nani. Rangi, nembo, jina na uwanja ni fungu jingine. Hivyo vilikuwepo kabla yake na vinatakiwa viwepo akiondoka. Pigania hilo fungu la pili.

Angalia Cardiff City. Mwaka 2012 mmiliki wao, Vincent Tan, aliwavua bluu akawavisha nyekundu. Msimu uliofuata wakawa mabingwa wa daraja la pili, wakapanda Ligi Kuu ya Uingereza. Ungedhani mashabiki wangenyamaza kwa ile raha ya kupanda daraja, lakini waliokuwa wanadai bluu hawakuacha kudai. Januari 2015 timu ikarudi kwenye bluu. Hoja ya rangi haifi kwa matokeo mazuri. Ndiyo maana nasema ishike hiyo.

Na Hull City, Assem Allam alitaka timu iitwe Hull Tigers. Mashabiki walipeleka pingamizi lao hadi kwa chama cha soka, na Aprili 2014 chama kikamkatalia. Kwa hiyo soma kanuni za shirikisho lenu na za ligi kabla hujaandika chochote. Inawezekana kuna kipengele kinachomtaka aombe kibali, naye hakuomba.

Mpenda_Timu

Naomba nitofautiane kidogo, kwa heshima. Katibu, kabla ya huyu bwana, mishahara ya wachezaji ilikuwa inalipwa kwa wakati? Nauliza kwa sababu kila mahali hadithi ni hiyo hiyo: timu inakaribia kufa, tajiri anakuja, analipa madeni, wachezaji wanatabasamu, halafu baada ya misimu michache sisi tunataka aondoke lakini hatusemi nani atabeba mzigo. Mtu anayeweka fedha yake lazima awe na sauti. Huko Cardiff pia mmiliki alikuwa anaweka fedha nyingi, tusifiche. Mkimfukuza leo, nani analipa mshahara wa mwisho wa mwezi?

KatibuTawi

Mpenda_Timu, swali lako ni la haki, nami nalijibu bila kuzunguka. Mishahara ilikuwa inachelewa, na yeye aliilipa. Tulimshukuru na bado namshukuru. Hakuna aliyekataa awe na sauti. Tunachokataa ni sauti ya peke yake. Watu walioibeba hii timu ilipokuwa haina hata basi la kusafiria leo hawajibiwi barua.

Mhasibu_Msomi

Naingilia hapo kwenye "alilipa", maana ndipo penye kiini cha mambo na mashabiki wengi hatupaangalii. Alilipa kwa fedha ya aina gani? Kama alinunua hisa mpya, fedha hiyo imekuwa mtaji wa klabu. Kama aliikopesha klabu, basi klabu inamdai nani? Haimdai mtu, yeye ndiye anayeidai. Siku mkigombana anaweza kutaka alipwe, na hapo ndipo mtajua nani kamshika nani.

Mfano unaojulikana zaidi ni Manchester United. Mwaka 2005 familia ya Glazer iliinunua klabu ile kwa takriban pauni milioni 790, na sehemu kubwa ilikuwa fedha ya kukopa. Mikopo mingi ikawekwa mgongoni mwa klabu yenyewe, ambayo kabla ya hapo haikuwa na deni la namna hiyo. Tangu hapo kila mwaka sehemu ya mapato imekuwa ikienda kulipa riba. Shabiki anayenunua tiketi pale anachangia pia gharama ya klabu yake kununuliwa. Mashabiki waliandamana, mwaka 2010 wakavaa skafu za kijani na dhahabu, rangi za kale za klabu, familia ikabaki.

Jambo la pili ni uwanja. Hati iko kwa jina la klabu au la kampuni nyingine ya mmiliki? Kama ni mali ya kampuni yake, anaweza kuuza timu na kubaki na ardhi, nanyi mkawa wapangaji kwenye uwanja wenu wenyewe. Na msidhani klabu kongwe haiwezi kufa. Bury ya Uingereza ilianzishwa mwaka 1885, ikauzwa kwa pauni moja mwishoni mwa 2018, na Agosti 2019 ikaondolewa kwenye ligi kwa sababu haikuweza kuthibitisha kuwa ina fedha za kujiendesha.

Kwa hiyo katibu, mkutano mkuu ukifika ombeni hesabu zilizokaguliwa. Kama mna wanachama wenye hisa hata chache, hao wana haki ya kuuliza ambayo ninyi wengine hamna. Watafuteni hao kwanza.

Ngoma_Jukwaani

Wakubwa, shikamooni. Mimi ni kijana wa ngoma, nawaheshimu, ila barua zimeandikwa mpaka zimechosha. Tarehe 2 Mei 2021 mashabiki wa Manchester United waliingia Old Trafford, uwanja wao, mechi na Liverpool ikaahirishwa, dunia nzima ikajua. Barua ipi ingefanya hivyo? Mnatuambia tungoje, tunangoja nini? Yule mzee wa jezi katibu aliyemtaja ana miaka mingapi ya kungoja?

MamaJezi

Marahaba, mwanangu. Hasira yako naijua kwa sababu ninayo. Nimekuwa nikipeleka watoto uwanjani, jukwaa la familia, na nitakwambia watu wakianza kukimbia wanaoumia ni nani. Siku hiyo unayoisema kuna askari alijeruhiwa usoni, na habari ya siku ya pili ikagawanyika, nusu mmiliki, nusu fujo. Mechi ikachezwa siku chache baadaye. Familia ile ya Glazer bado ina klabu. Walichopata ni dunia kujua, na hilo si dogo, lakini dunia ilikuwa inajua tayari.

Linganisha na wiki mbili kabla yake. Aprili 18, 2021 klabu kubwa zikatangaza ligi yao ya kujitenga, ile Super League. Mashabiki wa Chelsea wakajaa nje ya uwanja wao, wakalizuia basi la timu, hakuna aliyehitaji kuvunja lango. Kufikia tarehe 20 usiku klabu zote sita za Uingereza zilikuwa zimejitoa. Kilichowabeba ni kwamba walikuwa wengi, wa klabu zote, wakidai jambo moja linaloeleweka na kila mtu.

Na kama unataka kitendo, kipo kizuri zaidi. Februari 2016 Liverpool walitangaza tiketi ya hadi pauni 77. Wakicheza na Sunderland, dakika ya 77 ilipofika, maelfu ya mashabiki walisimama wakatoka. Timu ilikuwa inaongoza 2-0. Ikaisha 2-2 mbele ya viti vitupu. Siku nne baadaye wamiliki wakaomba radhi na kuifuta bei ile. Hebu fikiria nidhamu ya kuondoka timu yako ikiwa inashinda. Mpiga ngoma ndiye anayeweza kuliongoza jambo hilo: ngoma ikinyamaza dakika fulani, uwanja mzima unaelewa.

Ngoma_Jukwaani

Mama, hilo la ngoma kunyamaza sikuwa nimelifikiria. Nalichukua kwa wenzangu. Lakini asipojali?

Msusiaji

Asipojali mnakaza kamba, mnaanza kugusa mfuko. Na hapa naomba tusidanganyane kuhusu kususia. Blackpool ya Uingereza ndio waliosusia kwa muda mrefu kweli. Walikuwa Ligi Kuu msimu wa 2010/11, kufikia 2016 wameshuka hadi daraja la nne, mashabiki wakagoma kutoa hata senti kwa wamiliki, familia ya Oyston. Miaka inapita, mtu anakaa nje ya uwanja alioingia tangu mtoto. Kilichoiangusha familia ile hatimaye ni mahakama, baada ya mbia wao mmoja kuwashitaki na hukumu ya 2017 kusema walitoa fedha za klabu isivyo halali. Msimamizi aliteuliwa Februari 2019, na mwezi uliofuata mashabiki wakarudi, zaidi ya 15,000 siku moja, watu wanalia. Sasa ukiniuliza, kususia kulifanya nini? Kulimnyima mmiliki raha, kulimnyima fedha, kukawaweka watu pamoja mpaka sheria ilipofanya kazi yake. Peke yake kusingetosha. Na mashabiki walioumia kwa hilo ni wengi, wapo walioachana kabisa na mpira.

Kwa hiyo msianze na mechi. Anzeni na kile kilichowaudhi, yaani jezi. Msinunue mpya hata moja, vaeni za zamani, jukwaa lote lionekane rangi ya klabu kwenye televisheni huku timu ikiwa uwanjani na rangi nyingine. Wachezaji wanashangiliwa kama kawaida, na mdhamini anaona. Mdhamini akianza kuuliza maswali, kikao mlichonyimwa mtakipata.

Mpenda_Timu

Hilo naliunga mkono mimi niliyepinga. Jezi ya zamani ninayo na nitaivaa.

Mwana_wa_Plough

Ongezeni na mlango wa mwisho, angalau aujue upo. Mwaka 2002 Wimbledon, klabu ya London, waliporuhusiwa kuhamishwa kwenda mji mwingine, Milton Keynes, mashabiki walianzisha AFC Wimbledon kiangazi hicho hicho, wakaanzia madaraja ya chini kabisa. 2011 wakaingia ligi za kulipwa, 2020 wakarudi Plough Lane, mtaa wao. Mashabiki wa Salzburg ya Austria nao, baada ya kampuni ya vinywaji ya Red Bull kuinunua timu mwaka 2005 na kuifuta rangi yake ya zambarau, walianzisha ya kwao yenye rangi ile ile. Si jambo la kukimbilia, linagawa familia, ndugu mmoja huku, mwingine kule. Ila inaweza kufanyika.

KatibuTawi

Wakuu, Mungu awabariki. Nimesoma kila neno na nimekaa na wazee na vijana pamoja, safari hii bila kelele. Rasimu ya msimamo ni hii, niambieni palipolegea:

"Tawi linadai rangi na nembo ya klabu virejeshwe kuanzia msimu ujao, na mabadiliko yoyote ya vitu hivyo, jina au uwanja yasifanyike bila kura ya wanachama. Tunaomba hesabu zilizokaguliwa na maelezo ya umiliki wa uwanja. Hadi tujibiwe, hatutanunua bidhaa yoyote yenye nembo mpya. Tutaendelea kuingia uwanjani na kuwashangilia wachezaji. Kwenye mechi ya watani tutavaa jezi za zamani na kunyamaza dakika kumi za kwanza."

Ngoma_Jukwaani ndiye aliyependekeza zile dakika kumi. Suala la nahodha na kocha tumeliacha nje, ingawa limetuuma.

Beki_Mkongwe

Imekaa vizuri. Kwenye kura ya wanachama ongeza kwamba hata Uingereza, sheria waliyoipitisha mwaka 2025 inataka klabu ipate ridhaa ya mashabiki walio wengi kabla ya kubadili nembo au rangi kuu za jezi ya nyumbani. Na Ujerumani, kanuni yao ya 50+1 inawaachia wanachama kura nyingi kwenye klabu karibu zote. Asije akasema mnadai maajabu.

Mhasibu_Msomi

Umesahau tarehe. "Hadi tujibiwe" inampa miaka kumi. Weka siku ya mwisho ya kujibu, na iwe kabla tiketi za msimu ujao hazijaanza kuuzwa, kwa sababu hapo ndipo anapopanga bajeti yake na hapo ndipo atakaposoma barua yenu mpaka mwisho. Nakala mpelekee mdhamini na shirikisho siku hiyo hiyo.

KatibuTawi

Naiweka sasa hivi. Barua inatoka kesho asubuhi.