Mzee mwenye magoti mabovu atamudu mapango ya Elephanta?

Binti wa Ngamiani
Asalaam aleikum wana Tanga. Mzee wetu yuko Mumbai kwa matibabu, na akimaliza kliniki anataka kuona mahekalu ya kuchongwa kisiwani Elephanta. Magoti yanamsumbua. Je, ni kama mapango yetu ya Amboni, tochi na kuinama?

Baharia wa Deep Sea
Waalaikum salaam dada. Tochi haihitajiki. Amboni ni mawe ya chokaa yaliyoliwa na maji. Kule ni mwamba mgumu wa volkano uliochongwa kwa nyundo na tindo mnamo karne ya 6, na nguzo ni mwamba uleule ulioachwa umesimama. Pango kuu lina dari ya juu na liko wazi pande tatu.

Kazi iko njiani. Boti zinaondokea Gateway of India kuanzia saa tatu asubuhi, mwendo wa saa moja. Hatari ni kushuka: boti inapanda na kushuka na wimbi, kwa hiyo mzee ashikwe mikono yote miwili, asirukie gati. Gati ni refu, ila kuna kitreni. Kisha ngazi 120 hivi, na hapo ndipo magoti yanapogoma. Kuna wabebaji wa viti vya machela. Patana nao bei ya kupanda na kushuka kabla hajakaa, maana akishafika juu hana nguvu ya kubishana.

Jumatatu wanafunga. Juni hadi Septemba ni masika yao, bahari ikichafuka boti hazitoki.

Mwalimu Chumbageni
Shikamoo kwa mzee. Akitoka juani asubiri macho yazoee kiza, ndipo aende ukuta wa kusini kwenye Sadashiva, sanamu ya Shiva, mungu wa Kihindu, yenye nyuso tatu na kimo cha kama mita 6. Wa kati ametulia, macho yamefumba. Kushoto mkali mwenye masharubu, ameshika nyoka. Kulia sura laini yenye ua la yungiyungi. Huo uso wa kulia watu wanaupita haraka mno. Jirani ya sanamu hiyo, upande wa kushoto, yuko Shiva nusu mume nusu mke: tazama nyonga ilivyopinda. Sanamu nyingi zimevunjika miguu, na Wareno ndio wanaolaumiwa zaidi.

Baharia wa Deep Sea
Nyongeza: nyani wa pale wanapokonya mifuko ya plastiki na chupa. Dawa za mzee zikae kwenye begi lenye zipu, kifuani. Na wageni hawalali kisiwani, kwa hiyo aanze kushuka saa tisa, asisubiri boti ya mwisho yenye msongamano.