Mrejesho: safari ya Mexico, bichi na magofu ya Wamaya
Wakuu, niliwauliza Mexico nifikie wapi nipate bichi, magofu ya Wamaya na maisha ya wenyeji kwa mpigo, wengi mkasema achana na Cancún yenye mahoteli ya watalii, kalale mji mdogo wa Valladolid, aisee asanteni sana. Chichén Itzá, magofu ya mji wa kale wa Wamaya, wanafungua saa mbili asubuhi, tukawahi kabla mabasi hayajamwaga watalii, ile piramidi yake ina pande nne, ngazi 91 kila upande, ukijumlisha na ile ya juu kabisa ni 365, siku za mwaka mzima! Ila kupanda marufuku. Sokoni mama anafungua kitimoto kwenye majani ya mgomba, kimeiva shimoni na maji ya danzi, chekundu kwa zingefuri, huku anapiga stori na wateja Kimaya. Tulum magofu yako juu ya jabali, bahari chini yake, sema mwani ulijaa, mnaoenda Aprili mpaka Agosti ulizieni kwanza.