Masizi chini ya injini, bomba la ekzosi limefungwa kitambaa

Boti yangu ni ya zamani, dizeli ya ndani. Tukivuka kutoka Shela kwenda Manda, mama watoto huumwa kichwa. Masizi nayaona, tundu silioni. Nianzie wapi?

— Ndugu yangu, usimpakie mtu kwanza! Kaboni monoksidi, gesi iliyomo kwenye moshi wa injini, haina harufu, na inaua. Fungua kitambaa chote. Yangu ilivuja kwenye elbo, ile kona ya bomba la ekzosi, pale maji ya chumvi yanapokutana na moshi: nje safi, ndani chuma kimeliwa. Niliigonga kwa nyundo ndogo, ikatoboka. Nilitia mpya, na gasketi yake.

— Kagua na bomba la mpira la ekzosi, hasa upande wa chini usioonekana. Ukibonyea kama embe bivu, toa.

— Shukrani. Kesho maji yakitoka naanza kufungua.